Ukurasa wa Kwa Mwenye Fimbo

Mpaka leo nikifumba macho mchana, kuku wakiwa wanaparua uani, naisikia ile sauti. Ta, ta, ta-ta, ta. Ni vidole vya mjukuu wangu juu ya kibodi, katika steshenari moja pale Kasulu, mtaa wa nyuma ya soko, mwaka ule ambao mahindi yalikubali na maharage yakaozea shambani kwa mvua. Mimi nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, usingizi unakuja na kuondoka, na kila nikisinzia zile batani zinageuka kuwa fimbo inayogonga mawe.

Ilikuwa fimbo ya baba mkwe wangu. Ngoja niiseme hiyo kwanza, maana bila hiyo fimbo mambo haya ya kompyuta hutayaelewa.

Kwetu Waha, zamani ninazozijua mimi, mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia majanini. Huketi anapoketi. Na jina lake hulitaji, si mbele yake, si nyuma yake, si akiwa hai, si akiwa amezikwa. Jirani yangu alikuwa na taabu kuliko mimi, kwa sababu mkwe wake alipewa jina la mtama. Maisha yake yote mtama akauita zile nyekundu za pombe. Sokoni wakamcheka, akawaambia chekeni, mimi nina ndoa yangu.

Sasa wazee wengine walikuwa wanakohoa wakiwa wameshafika mlangoni, wanakukuta umevaa vibaya, unaaibika wiki nzima. Baba mkwe wangu hakuwa hivyo. Akitoka kwenye mizinga yake ya nyuki, alianza kugonga mawe ya njia akiwa bado mbali, kule kwenye ukungu, ta, ta, ta, polepole, ili mimi niliyekuwa msichana tu nipate muda wa kuepua chungu, kujifunga nguo na kupita mlango wa nyuma. Sikumbuki uso wake vizuri, kwa kuwa sikuruhusiwa kuutazama. Nakumbuka fimbo ikija ndani ya ukungu, na harufu ya nta. Nikamwita Mwenye Fimbo. Na kilima chetu, ambacho watu wote walikiita kwa jina lake kwa kuwa ndiye aliyekifyeka wa kwanza, mimi nikakiita Kwa Mwenye Fimbo.

Kilima kile hakina mtu sasa. Wakati wa kuhamishiwa vijijini tuliambiwa tushuke barabarani, malori yakaja, nyumba zikaezuliwa. Mimi na mume wangu tukaangukia huku Nyakitonto, wengine Kibondo, wengine sijui. Msitu ukarudi. Kilichobaki kule ni chemchemi, mafiga matatu, na kaburi dogo la mtoto wangu wa kwanza. Nitafika kwenye kaburi, lina zamu yake.

Mjukuu wangu alikuwa anasoma chuo cha ualimu. Mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita bibi, na akiudhika ananiita mke mkubwa. Mwalimu wao aliwafundisha kuandika kwenye wiki, si ile ya siku saba, kamusi kubwa iliyo kwenye mtandao, ambayo haina mwenyewe; kila mtu anafungua, anaongeza anachokijua, anafunga. Akawaambia kila mmoja aandike ukurasa wa kwao kwa Kiswahili. Wenzake wakaandika kata zao. Yeye akasema ataandika tulikotoka.

Akaja nyumbani siku ya kupalilia. Akaniuliza kule juu palikuwa panaitwaje. Nikiwa na jembe mkononi nikamjibu bila kufikiri, Kwa Mwenye Fimbo. Akaandika kwenye simu yake akaondoka.

Baadaye akaniita mjini nikaone. Mwenye steshenari ni mtu wa asili ya pwani, baba yake alikuja huku na biashara ya nguo, yeye ameongeza mashine za kutoa kopi na kompyuta tatu. Ana adabu ndefu.

"Shikamoo bibi. Karibu mtandaoni."

"Marahaba. Mtandao wenyewe uko wapi?"

"Upo humu humu hewani, bibi. Wewe keti tu, usiuvuruge."

Akanipa ile ndoo. Nje jenereta inanguruma, ndani kuna harufu ya wino na vumbi jekundu, na kioo cha kompyuta kinang'aa kama maji ya kisima asubuhi. Mjukuu wangu akanionyesha. Nikaona maandishi. Kusoma ninasoma, nilijifunza elimu ya watu wazima nikiwa na watoto wanne, ila ninasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, na kuandika kwangu ni hivyohivyo. Mdomo usipotamka, mkono hauendi. Nikasoma kichwa cha juu: Kwa Mwenye Fimbo. Kikawa kimekaa pale, kinene, cheusi. Machozi yalinitoka nikasingizia jenereta.

Kilichonivuta zaidi ni jinsi inavyofumwa. Ukurasa una pande mbili, kama kikapu. Kuna upande wa kusoma, laini, na kuna upande wa ndani ambako unaona nyuzi. Akibonyeza hariri, ule ulaini unaondoka, unaona alama. Kichwa cha habari kinawekewa alama za sawasawa mbili kushoto na mbili kulia. Neno likitakiwa kuwa nene linawekewa vile vialama vya juu, vile vya kwenye neno ng'ombe, vitatu mwanzoni na vitatu mwishoni. Vikiwa viwili linalala upande kama mtu anayesikiliza. Na neno ukilifungia mabano ya mraba, mawili mawili, linakuwa mlango. Ukiligusa linakupeleka ukurasa mwingine. Kama huo ukurasa mwingine bado haujaandikwa, neno linakuwa jekundu.

"Kwa nini hili jekundu?" nikamuuliza. Lilikuwa jina la chemchemi yetu.

"Halina ukurasa, bibi. Linasubiri mtu."

"Anayesubiriwa ni nani?"

"Yeyote anayejua."

Nikarudi Nyakitonto nyuma ya pikipiki, jua la saa kumi linalala juu ya mihogo, na barabara yote ilikuwa nyekundu kama lile neno. Niliona kana kwamba dunia nzima ya huku kwetu inasubiri mtu anayejua.

Nilikaa kama mwezi na furaha hiyo. Nikipika nawaza nyuzi za ukurasa. Nikifuma kikapu nahesabu tatu kushoto, tatu kulia. Halafu mjukuu akapiga simu, sauti yake si ile. Njoo, bibi.

Nilipofika alikuwa amefungua ukurasa, na juu yake kuna kisanduku cha njano. Kuna watu wa mbali wanaopita kwenye kurasa za wenzao, wanang'oa magugu. Mmoja alikuwa ameandika kwamba jina hili halionekani kwenye ramani wala kitabu chochote, na kwamba kama hakuna ushahidi ukurasa utafutwa. Alikuwa ameandika kwa heshima. Sikumchukia.

Mjukuu wangu alikuwa ameshauliza kwa watu wa ramani, akaonyeshwa karatasi yenye mistari ya vilima inayozunguka kama alama za kidole, na pale petu nafasi tupu. Siku hizo ramani zenyewe zilikuwa zinabadilishwa, Kakonko imekatwa kutoka Kibondo imekuwa wilaya yake, kila mtu anazungumza majina mapya. Nani ana habari na kilima cha nyuki.

Akageuza kiti akanitazama.

"Bibi, jina lenyewe ndilo hili?"

Nikaangalia jenereta mlangoni.

"Bibi."

"Nakusikia."

"Kuna mtu aliyewahi kupaita hivi zaidi yako?"

"Baba yako."

"Baba alilipata kwako."

"Shangazi zako."

"Nao walilipata kwako. Mke mkubwa, umenilisha jina la kubuni."

Mwenye steshenari akacheka kwenye mashine yake ya kopi. "Mwalimu, umekuwa karani wa bibi yako. Mwandishi ni yeye."

"Si la kubuni," nikasema. "Ni la adabu."

"Haya," akasema mjukuu wangu. "Na lile lingine, lisilo la adabu?"

"Lile silitaji."

"Niambie sikioni."

"Sikioni nako ni mdomo uleule."

Akaachia hapo. Alijua habari ya wakwe, ni mtoto wa huku. Alichokuwa hajui ni kwamba jina limebaki kwangu peke yangu. Hakujua kwa sababu nami nilikuwa sijahesabu. Usiku na mchana unapita, unazika huyu, unazika yule, hukai ukahesabu wamekwenda na nini. Pale juu ya ndoo nikaanza kukunja vidole. Mume wangu, ambaye naye kwa heshima alipaita kwa baba. Kaka zake wawili. Dada yao aliyeolewa Kibondo. Jirani wa mtama. Mzee aliyekuwa akinunua nta. Na majirani wengine wa kilimani. Vidole vikaisha vyote vimekunjwa, mikono yangu ikawa ngumi mbili mapajani, na nikaelewa. Wote waliokuwa na ruhusa ya kulisema wameondoka nalo. Amebaki mmoja, na huyo mmoja ndiye mkwe.

Sasa lile kaburi.

Niliwahi kulitaja lile jina. Mara moja. Nilikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, ana miezi michache, na kiangazi moto wa nyika ukapanda kilima kuelekea mizinga. Wanaume walikuwa bondeni. Nikapiga kelele nikiwaita, nikiwaambia moto uko wapi, na kwa haraka ile likanitoka. Jina zima, kwa sauti, kilima kizima kikasikia. Mizinga ikaokolewa. Mama mkwe hakunisema, alinitazama tu. Nikatengeneza pombe ya ndizi ya kuomba radhi, mzee akaipokea, na jioni nikasikia fimbo inagonga njiani kama kawaida, ta, ta, ta, nikajua amenisamehe.

Mvua zilipoanza mtoto akapata homa. Siku nne.

Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ile. Padri aliniambia Mungu hafanyi hivyo. Nesi aliniambia miaka mingi baadaye, nilipomsimulia, kwamba yalikuwa malaria, bibi, ingekuwa leo angepona. Ninawaamini wote wawili. Lakini mdomo wangu hauwaamini. Tangu siku ile ukifika karibu na lile jina unajifunga wenyewe, kama jani la kifauwongo ukiligusa.

Nilimwambia mjukuu wangu haya yote pale pale steshenari, kwa sauti ya kawaida, watu wakiingia kutoa kopi za vyeti. Alinisikiliza huku anachezea kona ya kibodi.

"Basi, bibi," akasema. "Waache wafute. Ukurasa ni ukurasa tu."

Alisema kwa huruma, na huruma yake ikaniumiza kuliko kile kisanduku cha njano. Nilirudi nyumbani nikaumwa bila kuumwa. Nikilala mchana naota niko kwenye ukungu, fimbo inagonga, nasogea pembeni nipishe, na hapiti mtu. Inagonga tu. Nikiamka najiuliza, nikifa na hili jina mdomoni, nani atakuwa amemheshimu nani? Mimi mkwe mwema nitakuwa nimemfuta mzee wa watu. Na mwanangu atakuwa amelala mahali pasipo mahali.

Jawabu lilinijia nikifuma. Nyuzi. Zile alama za upande wa ndani. Unaziandika, zipo, zinafanya kazi, lakini hakuna anayezitamka. Hakuna anayesoma akasema kialama, kialama, kialama. Kumbe kuna kuandika ambako mdomo haumo. Shida ni kwamba mimi, kama nilivyosema, siwezi kuandika bila kutamka. Nilijaribu kwenye daftari na maneno mengine, muhogo, ndoo, nikashindwa. Midomo ilikuwa inacheza yenyewe na sauti inaponyoka. Nikabana kitenge kwa meno, sauti ikatoka puani. Mwisho nikajaza maji mdomoni. Nikaandika muhogo, kimya. Nikaandika Nyakitonto, kimya, mashavu yamevimba kama ya mpiga filimbi. Mjukuu mdogo aliyepita akauliza kama bibi anaumwa jino. Nikatikisa kichwa.

Nikaenda Kasulu bila kuitwa. Pembeni ya steshenari nikafungua chupa yangu, nikajaza mdomo, nikaingia.

"Shikamoo bibi," akasema mwenye steshenari.

Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, nasema. Leo bibi amenuna?"

Mjukuu wangu, niliyekuwa nimempigia simu aniwahi, alinitazama mashavu, akatazama chupa mkononi, akaelewa. Ana akili yule.

"Ana maji mdomoni."

"Ya nini?"

"Mambo ya ukwe."

Yule mtu alifikiri kidogo. Halafu akaenda kupunguza redio, akamwambia mteja wa vyeti asubiri nje kwenye kivuli.

Mjukuu akanifungulia upande wa nyuzi. Akaweka kidole pale jina langu la adabu lilipo, akalifuta, ikabaki nafasi na kile kijiti kinachopepesa. Akataka kukaa karibu. Nikamwashiria ageuke. Akageukia ukuta, kwenye kalenda.

Herufi za kibodi zimetawanyika kama maharage yaliyomwagika. A iko huku, B kule chini, hazijui kwamba ni ndugu. Nikaanza na vialama vya ng'ombe, vitatu. Halafu herufi ya kwanza. Maji yakatikisika mdomoni, yakawa ya moto. Herufi ya pili niliitafuta mpaka nikaanza kuogopa kwamba haipo, kwamba mashine hii nayo ina adabu zake. Nikaiona. Kila nikibonyeza, ta, na kimya, na ta tena, na nikaacha kuona steshenari. Niliona njia yetu, asubuhi, ukungu unatoka bondeni, na mtu anakuja polepole, ananipa muda. Ta. Safari hii sikukimbilia nyuma. Nilimgojea afike.

Nilipomaliza nikamgusa mjukuu bega. Nikatoka nje, nikatema maji kwenye mpapai. Niliporudi alikuwa anasoma kwa macho, mkono umefunika mdomo.

"Mimi nina ruhusa?" akaniuliza.

"Wewe ni damu yake. Wewe umeolewa na nani?"

Akalisema.

Miaka mingi, sijui mingapi, sikuwa nimesikia mdomo wa mtu ukilisema. Alilisema kwa lafudhi ya chuo, akabonyeza mahali pasipobonyezwa, lakini lilikuwa lenyewe. Na mimi, bila kujua nafanya nini, nikawa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nageuza uso pembeni, napiga makofi taratibu vile mke wa mtu anavyomwamkia mkwe. Mwenye steshenari alinitazama, na akavua kofia yake.

Nilikuwa nimesahau kuweka vialama vya mwisho. Aya nzima ikawa imenenepa, kuanzia jina mpaka nyuki mpaka malori. Mjukuu akataka kurekebisha.

"Acha kidogo," nikamwambia. "Iache ipaze sauti kidogo."

Tukaiacha mpaka tulipomaliza chai. Kisha akaifunga, tatu kulia. Halafu ikabidi abadilishe na kichwa cha ukurasa wenyewe, na pale kuna neno la kubonyeza, hamisha. Neno lile nalijua. Mara hii nilikubali kuhamishwa.

Akiwa na jina mkononi, haikumchukua muda. Alikwenda parokia ya zamani kule upande wa Kibondo, akaomba vitabu vya ubatizo vya enzi zile, na akakuta mstari mmoja wa wino wa buluu: mtoto wa kiume, jina la baba, jina la mama ambaye ni mimi, na mahali wanakotoka. Pameandikwa vizuri kabisa. Katekista aliyeandika hakuwa mkwe wa mtu. Mjukuu wangu akaweka rejea ile chini ya ukurasa, kitabu gani, parokia gani, na yule mtu wa mbali akaja akaondoa kisanduku chake cha njano na kuacha neno moja, asante. Kwa hiyo aliyemthibitisha mzee ni mwanangu, ambaye hakuwahi kusema hata neno.

Mimi silitaji bado. Na sitaliandika humu, mnisamehe, daftari hili naliandika kwa mdomo wangu wa kawaida.

Lakini kuna kitu alinionyesha baadaye, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ukihamisha ukurasa, jina la zamani halitupwi. Linabaki kama njia. Ukiandika Kwa Mwenye Fimbo, kamusi haikuambii hapapo. Inakuchukua, inakupeleka mpaka kwenye jina lenyewe, na juu inaandika kwa herufi ndogo kwamba umetokea wapi. Kwa hiyo nikienda Kasulu, mwenye steshenari akiniwekea ndoo, namwambia mjukuu wangu anipitishie huko. Anaandika langu, ta, ta, ta, na ukurasa unafunguka. Naingia kwa mlango wa nyuma, kama mke wa mtu anavyopaswa, na ndani namkuta mzee ameketi.